Mtoto Niliyemfunika Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika herufi moja kutwa nzima. Fomani wa karakana ya ujenzi pale Kitui, mzee mfupi ambaye hakuvua kofia yake ya sufi hata jua likiwaka vipi, alinipa kipande cha bati kuukuu, brashi ya manyoya na mkebe wa rangi nyeusi. Akasema, "Andika S. Ukimaliza, andika nyingine."

Nikaandika. Zile za kwanza zilikuwa kama nyoka aliyekanyagwa. Fomani alikuwa akipita, anaangalia, anafuta na kitambaa chenye tapentaini, anaenda zake bila neno. Jioni alisimama nyuma yangu, akaniuliza, "Unajua kwa nini nakutesa?"

"Hapana, mzee."

"Dereva akipita mbio, ana nafasi ya kuangalia bango mara moja tu. Akilirudia, ameshaingia mtaroni. Bango la kusomwa mara mbili linaua mtu. Umenisikia?"

Nilimsikia, na maneno hayo nikayabeba karibu maisha yangu yote ya kazi. Nawaandikia ninyi vijana ambao leo mnapeleka maneno kwenye mashine na kupata bango la plastiki kabla chai haijapoa. Siwalaumu. Nataka tu mjue tulivyofanya, na jambo moja lililonipata nikiwa nimeshajiona fundi kamili.

Enzi zetu bango lilianza na msasa. Bati lilisuguliwa mpaka likapoteza mng'aro, kwa sababu rangi haishiki mahali laini. Kisha praima, ile rangi ya kwanza ya kung'ang'ania bati, halafu rangi ya chini, halafu ndiyo maandishi. Mistari ya kuongoza herufi tuliipiga kwa uzi wa chaki: mnauvuta watu wawili, unaunyanyua katikati, unauachia, pa! Mstari umenyooka kuliko rula. Mkono wa kuandika uliegemea kijiti chenye bonge la kitambaa kwenye ncha, ili usiguse rangi mbichi na usitetemeke. Na pumzi ilikuwa na utaratibu wake. Unavuta kabla ya mpindo, unaishikilia, unaitoa herufi ikishafunga.

Baada ya Kitui nilipelekwa Mutomo. Huko kazi ilikuwa vibao vya barabara za vumbi, malambo na majosho. Nakumbuka stoo moja ya dawa ya kupe. Msimamizi wa barabara aliniagiza nichore mlangoni fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana, kwa kuwa wachungaji wengi hawakujua kusoma neno SUMU. Nilipokuwa namalizia meno, akaja bibi mmoja, mzigo wa kuni kichwani, akiswaga mbuzi zake, akasimama.

"Ni nani alikufa hapa?" akauliza.

"Hakuna, mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ni mama yetu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama yeyote wa kuheshimiwa. "Ni alama ya sumu tu."

"Mbona basi umemweka mtu bila jina?"

Akatua kuni zake chini, akafumba macho, akamwombea yule wa mlangoni sala fupi. Kisha akajitwika tena akaondoka na mbuzi zake. Nilipomsimulia msimamizi alicheka hadi akakohoa. "Si hakugusa dawa? Alama yako imefanya kazi." Ilikuwa imefanya kazi kweli. Lakini nilirudi kuutazama ule mlango nikiwaza yule bibi alimwombea nani.

Kutoka Mutomo nikahamishiwa Mwingi, kwenye barabara kuu ya kwenda Garissa. Huko malori hayana usingizi, na siku ya mnada mifugo huvuka barabara kama maji. Niliweka alama za ng'ombe pande zote mbili za mji. Rangi haijakauka, mzee mmoja mfugaji akaja mpaka ofisini kwa mhandisi wa wilaya kushtaki.

"Huyu ng'ombe wenu amekonda. Wageni wakipita watasema watu wa hapa hawajui kufuga."

Mhandisi wa wilaya alikuwa mtu mkavu, aliyependa kuvaa tai hata kwenye joto lile. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza. Kisha akanigeukia. "Mnenepeshe kidogo. Lakini sikiza, fundi. Alama watu wakianza kuuliza ni ng'ombe wa nani, hiyo si alama tena, ni picha. Na sisi serikali haijatutuma kuchora picha."

Nikamnenepesha ng'ombe, nikaendelea na mishale, namba na herufi zangu. Miaka ikaenda. Nikahamishiwa Makueni, na serikali za kaunti zilipoingia zikanikuta huko, nikiwa fundi mkuu wa mabango na fundi wa pekee pia. Mashine za kuchapisha zilikuwa zimeshafika mjini na kazi yangu ilikuwa inapungua kama kisima cha Septemba.

Ndipo alipokuja karakanani sista msimamizi wa kituo kimoja cha afya, juu huko kwenye milima ya Mbooni, upande wa Kikima. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ndipo umsikie.

"Fundi," akasema, "kuta zangu zimejaa maonyo. Usiteme mate. Usipige kelele. Usiketi hapa. Mama anakuja na uchungu wake, anapokelewa na 'usi'. Nichoree mama na mtoto pale wanapongojea. Basi."

"Sista, mimi ni mtu wa herufi. Watu siwawezi."

"Neno mama linaanza na herufi gani?"

"M."

"Si hiyo unaiweza? Anzia hapo."

Nikapanda Kikima na ngazi yangu na mikebe. Mnaojua Mbooni mnajua ile baridi ya asubuhi, ukungu unalala juu ya matuta ya mashamba hadi saa nne, na watoto wanabebwa wamefungwa kama mkate. Nikausugua ukuta, nikaupiga praima, nikauchora miraba kwa uzi wa chaki. Miraba ni njia ya kukuza mchoro: unachora mdogo kwenye karatasi yenye vyumba, kisha unahamisha chumba kwa chumba hadi ukutani.

Nilianza kwa kujaribu nyuso kwenye bati. Zilinishinda. Mama alitoka kama askari, na mtoto alitoka kama mzee aliyenyimwa ugoro. Nikaamua kama fundi anavyoamua anapoishiwa na vifaa. Nikamgeuza mama, akawatupia watu mgongo, amesimama ukingoni mwa tuta. Mtoto nikamweka mgongoni, nikamfunika gubigubi kwa blanketi la buluu, juu yake leso. Uso haukuonekana, kwa hiyo haukuhitaji kuchorwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu, sikuwa na nyingine. Blanketi nililiweza vizuri. Mikunjo ya kitambaa ni mipindo ya S, na S nilikuwa nimesomea.

Sista aliikubali picha. Akanishika mkono, nikarudi zangu.

Baada ya muda akanipigia simu. "Fundi, mama zangu wanahama benchi."

"Wanahama vipi?"

"Wanaobeba mimba hawataki kukaa wakiitazama picha yako. Wanasema mtoto aliyefunikwa uso ni wa kuzikwa. Wengine wanasimama nje kwenye ukungu. Siwezi kuwaacha nje. Njoo umfunue."

Nilisikia aibu, na chini ya aibu hasira kidogo. Kazi yangu yote ilikuwa kuandika kitu kisichoweza kueleweka vibaya, na sasa nilikuwa nimeweka ukutani kitu ambacho kila mtu alikisoma kivyake. Nikachukua msasa na brashi nyembamba, nikapanda mlima.

Ilikuwa siku ya soko. Ukumbini palikuwa na akina mama wachache, wote upande mmoja wa benchi, ule usiotazama picha. Upande wa pili aliketi mwanamke peke yake, wa makamo, kikapu cha maparachichi miguuni. Niliegemeza ngazi ukutani, nikakunja msasa kwenye kipande cha mbao, nikapanda.

"Fundi, unataka kufanya nini?" akauliza yule wa maparachichi.

"Kumfunua mtoto, mama. Nimeagizwa."

"Usimfunue."

Hakupaza sauti. Lakini mkono wangu ulibaki juu. Sista, aliyekuwa akipima mtu presha mlangoni, akageuka.

"Ndunge," akasema, "wewe nilidhani unakuja kupumzika tu ukitoka sokoni. Una neno na hii picha?"

"Ninalo, Sista. Lakini waanze hawa, ndio wanaolalamika."

Sista akavua kile chombo cha kusikilizia moyo, akakining'iniza shingoni. "Haya. Kila mtu aseme anachoona. Mwikali, wewe ndiwe uliyeniletea shida hii. Anza."

Mwikali alikuwa msichana mwenye mimba ya kwanza, mikono imekumbatia tumbo. "Mimi naona msiba," akasema. "Kwetu mtoto akishaenda ndio anafunikwa uso. Nikikaa hapa nikitazama, nasikia baridi mpaka ndani. Naogopa, Sista. Sijawahi kuzaa."

Mama mwingine akasema yeye anaona mtu anayetoka hospitali na dawa haikupatikana. Mwingine akasema hapana, ni mtu anaenda shamba, na amechelewa. Kicheko kidogo kikapita, kikaisha. Wote wakamtazama Ndunge.

"Mwikali hakukosea," akaanza. "Hata mimi naona mtoto ambaye hayuko."

Nilishuka ngazi. Haikuwa adabu kuyasikiliza hayo nikiwa juu ya watu.

"Wangu alizaliwa kimya," Ndunge akasema. "Ilikuwa hospitali nyingine, mbali na hapa. Nesi alimfunga kwenye blanketi akampitisha mlangoni. Niliona blanketi. Uso sikuonyeshwa. Nikauliza ni msichana ama mvulana, nikaambiwa nipumzike. Nyumbani wakaniambia nisimtaje, Mungu atanipa wengine. Na alinipa, namshukuru. Lakini huyo wa kwanza hakuna mtu alimtaja tena, hata baba yake. Ikawa ni kama mimi ndiye nilimwota. Halafu majuzi nikamleta mama mkwe hapa kwa presha, nikainua macho, nikaona mtu amembeba mtoto wangu. Amembeba mgongoni, vile mimi sikupata kumbeba. Nikasema, kumbe kuna mtu anajua. Tangu hapo siku ya soko nikimaliza napitia hapa. Nakaa naye kidogo, naenda nyumbani."

Akanigeukia. "Fundi, ni nani alikuambia?"

Ningeweza kumdanganya, na nadhani angefurahi. Lakini mtu aliyesema kweli hivyo hajibiwi kwa uongo.

"Hakuna aliyeniambia, mama. Kuchora uso kulinishinda. Ndio nikamfunika."

Alinitazama, nikadhani nimemvunja moyo. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Wewe ulishindwa kuuchora," akasema polepole, "na mimi nilinyimwa kuuona. Basi tumekutana hapo. Ni sawa."

Sista alikuwa ameketi kwenye benchi, upande ule uliohamwa. "Tulifundishwa hivyo, mwaitu," akasema. "Tuliambiwa mama asipoona, atasahau upesi. Hata mimi nimewapitisha wengi mlangoni namna hiyo, nikidhani nawasaidia."

"Na kuna aliyesahau, Sista?"

Sista alimshika Ndunge mkono, wakakaa hivyo, na hakuna aliyeita mgonjwa anayefuata.

Mwikali ndiye aliyesema tena, machozi yakimlengalenga. "Sasa mimi nitatazama nini?"

"Wako anakupiga mateke?" Ndunge akamuuliza.

"Hata sasa hivi."

"Basi kwako wewe, huyu wa ukutani amelala tu. Baridi ya hapa si unaijua? Nani atambeba mtoto uso wazi kwenye ukungu huu? Picha ni hiyo moja, lakini kila mtu ana mgongo wake. Kuja ukae hapa na mimi. Ukiogopa, unishike."

Mwikali akasita, akainuka kwa ile taabu ya mwenye tumbo, akavuka. Ndunge akasogeza kikapu. Sista akaniambia, "Fundi, kunja ngazi yako."

Nilikuwa nimeshaishika ngazi Ndunge aliponiita tena. "Kama umekuja na rangi, kuna kitu kimoja. Pale begani. Umeifunga leso vibaya. Hilo fundo limelegea, mtoto atateleza."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Fundo nililichora kwa haraka, mstari mmoja na kivuli. Nikafungua mkebe, nikapanda, na yeye akinielekeza kutoka chini: ncha hii ipite juu, hii izunguke, sasa ivute. Sijawahi kuandika neno lolote kwa uangalifu kama nilivyolichora fundo lile. Nilivuta pumzi kabla ya mpindo, nikaishikilia. Nilipoteremka, Ndunge alisimama akalikagua kwa muda mrefu, kichwa akikiinamisha huku na huku, kama mama anayemkabidhi yaya mtoto kabla hajaenda kazini.

"Sasa ameshika," akasema. Akajitwika kikapu chake, akaenda.

Baadaye Sista aliniomba nichore ukuta wa pili, mtoto mwenye uso wazi, kwa ajili ya wanaohitaji kuuona. Nilikaa kliniki siku kadhaa nikiwatazama watoto wakidungwa sindano na kulia. Huyo mtoto wa pili alitoka mnene na mwenye furaha, ingawa Sista alisema anafanana na mwenyekiti wa kamati ya kituo, na mwenyekiti mwenyewe alipoonyeshwa akakubali. Mwikali alijifungua salama. Hilo niliambiwa kwa simu, na Sista alikuwa akicheka.

Mimi nilibadilika. Nilikuwa nimeamini kwamba mtu akikielewa kitu changu tofauti na nilivyokusudia, mmoja wetu amekosea. Kwa mshale wa barabarani bado naamini hivyo, na ninyi msije mkauchezea mshale. Lakini nilianza kuwauliza watu, wakisimama mbele ya kazi yangu yoyote, "Unaona nini?" Kisha nikawa nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikuwa kugumu, kuliko hata S. Mtu akikuambia anachoona kwenye picha, anakuonyesha chumba cha ndani cha nyumba yake, na ukianza kumsahihisha ni kama umeingia na viatu.

Nilistaafu kimyakimya. Afisa wa ujenzi alinipa mkono mbele ya wenzangu, akasema karakana haitapata mtu wa kuziba pengo langu. Ilikuwa kweli, kwa sababu nafasi yenyewe ilifutwa. Brashi zangu nilizipaka mafuta nikaja nazo nyumbani, huku kwetu Kitui ya kusini, ambako sasa nafuga mbuzi na kuwaandikia watu majina kwenye milango ya maduka wakinibembeleza. Wakati mwingine nayaona mabango yangu ya zamani barabarani, jua limeyala, S bado imesimama wima. Nawaza madereva wote waliopita salama bila kujua kwamba kuna mtu aliwaandikia. Hilo linanitosha.

Mwaka huu binti yetu aliyeolewa upande wa Mbooni alijifungua, na mke wangu Kasyoka na mimi tukapanda kwenda kumwona mjukuu. Siku ya chanjo ikatukuta huko. Tukaenda wote, Kasyoka amembeba mtoto, na kumbe kituo chenyewe ni kile cha Sista. Sista alikuwa amehamishwa. Ndunge sikumwona, kwa kuwa haikuwa siku ya soko. Picha ilikuwepo, imefifia kidogo upande wa dirishani.

Mke wangu hakuwa ameiona hata siku moja. Nilipokuwa kazini yeye alikuwa nyumbani, akilima na kulea, na mimi nilikuwa naingia mwisho wa mwezi kama mgeni. Alisimama mbele ya ukuta akimpigapiga mjukuu taratibu. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wengine.

"Unaona nini?"

"Naona mama umemwacha bila viatu," akasema. "Na baridi hii yote."

"Na kingine?"

Akaonyesha kwa kidevu pembe ya chini ya picha, nilikokuwa nimepitisha barabara nyembamba nyekundu kwa sababu pembe ile ilikuwa tupu na fundi hapendi pembe tupu. "Naona anaitazama hiyo barabara. Kuna mtu amesikia anakuja."

"Mimi niliichora ikienda," nikasema.

"Inakuja," akasema Kasyoka. "Mimi ndiye nilikuwa nasimama pale, si wewe. Nilikuwa naona vumbi kwanza, halafu kofia, halafu ile mikono yako yenye rangi. Inakuja."

Nesi akaita jina la mjukuu wetu. Kasyoka akaingia naye ndani, nami nikabaki nimekaa kwenye benchi, nikiitazama barabara yangu ikija.